Muulize Fundi: Waipa za upepo zimechoka, nifunge za umeme?

Mbukwenyi wasomaji. Mwezi huu meseji za waipa zimekuwa nyingi kuliko hata za gia boksi na wala sishangai, mvua za Desemba zikishaanza kupiga Dodoma ndo kila mtu anakumbuka kwamba gari lina waipa, miezi yote ya kiangazi zimekaa tu kwenye kioo zinachomwa na jua na kula vumbi. Naanza na swali refu la basi la zamani kwa sababu ndani yake kuna suala la breki na hilo siwezi kulipita juu juu, mengine nimeyajibu kwa kifupi.

SWALI
Shikamoo fundi. Nina basi la zamani la Kimarekani, lilikujaga na mradi miaka hiyo likauzwa mnadani, mi nimelinunua kwa mtu wa tatu huko. Injini nzima, bodi nzima, nalikodisha kwa kwaya, harusi na misiba maana abiria wa Dar tangu treni ya SGR ianze kufika hapa 2024 wengi hawana habari na mabasi yetu ya zamani. Sasa shida ni waipa. Ni za upepo, kuna kitasa kidogo dashibodi unazungusha unasikia chii, chii, chii. Ya dereva inatembea kama imelazimishwa, ya upande wa pili mara itembee mara igome. Juzi tumerudi na msiba kutoka Iringa, tunashuka Nyang'oro mvua inapiga kwelikweli, dereva kila akikanyaga breki waipa zinasimama, akiachia zinaanza tena. Ikabidi tupaki tusubiri. Fundi mmoja huku mtaani kaniambia anatoa zote anafunga mota ya umeme, kazi ya siku moja, na ule mpira wa upepo anaukunja anaufunga na waya basi. Nimkubalie? Na mota ipi nitafute?
Mwenye basi, Kizota, Dodoma

JIBU
Marahaba ndugu yangu, poleni na msiba. Kubadili ni sawa kabisa, ila usimkubalie huyo fundi kwa hiyo staili ya kukunja mpira, na usibadili chochote kabla hujaupima upepo wa gari lako.

Iko hivi. Waipa zako hazina kompresa ya peke yake. Upepo unaozisukuma ni huohuo wa breki, kompresa inajaza matenki, breki zinachukua zao, na mahali fulani imetolewa paipu nyembamba inayoleta upepo mpaka kwenye kile kitasa, kitasa kinaongeza au kupunguza, alafu ndani ya mota ya waipa kuna pistoni inasukumwa huku, vali inageuka, inasukumwa kule, na kila ikigeuka inatema upepo nje, ndo hiyo chii chii yako. Upepo ukiwa wa kutosha dereva akikanyaga breki kawaida geji inashuka kidogo na waipa inapunguza mwendo kidogo, haisimami. Ya kwako inasimama. Kwahiyo ni moja kati ya mawili, ama mota za waipa zimechakaa kiasi kwamba zinataka upepo wote uliopo ndo zisogee, ama upepo wenyewe hautoshi. Na kama ni hilo la pili, ndugu yangu, kilichokuwa kinalalamika kule Nyang'oro ni breki, waipa zilikuwa zinapeleka ujumbe tu. Ukifunga umeme leo kioo kitafutika vizuri, dereva atashuka mlima amefurahi, na ule ujumbe hautamfikia tena mtu yeyote mpaka siku pedali inaenda chini haikuti kitu.

Pima hivi. Paki sehemu tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya matairi maana breki zitakuwa zimeachiwa. Washa injini uache kompresa ijaze mpaka yenyewe ikate, kwa basi la Kimarekani geji inasoma psi, kile kipimo chao cha nguvu ya upepo, na mara nyingi inakata kwenye 120 au juu kidogo, kwa wenye geji za bar hiyo ni kama 8. Zima injini, achia handibreki, tulia dakika moja macho kwenye geji. Kule lilikotengenezwa dereva wa gari la breki za upepo anaulizwa haya kwenye mtihani wa leseni: gari moja lisilo na tela lisipoteze zaidi ya psi 2 kwa dakika breki zikiwa zimeachiwa, na ukikanyaga pedali ukashikilia isizidi psi 3. Alafu washa swichi tu, injini ikiwa imezimwa, kanyaga achia, kanyaga achia, mpaka taa au kengele ya upepo mdogo iamke, inatakiwa iamke kabla geji haijafika 60. Kama kengele yako imekufa siku nyingi, usiongee na mtu yeyote habari za waipa, anza na hiyo. Na ukiwasha tena injini angalia inapanda kwa haraka gani, kwenye mfumo wa matenki mawili kutoka 85 mpaka 100 injini ikiwa kwenye mzunguko wa kazi isizidi sekunde 45 hivi. Ikijikongoja hapo kompresa imechoka, au chujio la hewa limejaa vumbi, au kuna panapovuja.

Fungua na vile vikoki vya chini ya matenki. Maji kidogo ni kawaida, hata huku kwetu kukavu kompresa inabana unyevu wa hewa unakuwa maji. Ila kikitoka kitu kama uji wa kijivu, maji na oili vimekorogana, basi huo uji ndo unaotembea mpaka kwenye waipa na kwenye vali za breki pia. Paka povu la sabuni kwenye maungio yote utaona panapochemka.

Ukimaliza hapo njoo kwenye waipa yenyewe. Toa mpira wa upepo kwenye mota ya waipa, fungua kitasa kidogo, sikiliza. Ukitoka kwa nguvu, upepo unafika, tatizo ni mota au shafti. Toa mkono wa waipa, jaribu kuizungusha shafti, wengine wanakuta bushi imekauka na vumbi imeshikana kama imechomelewa na mota ya watu haina kosa. Safisha, tia mafuta, na kwenye tundu la upepo dondoshea matone machache ya ile oili nyepesi ya cherehani, rudisha mpira, iache ijichezee kioo kikiwa kimelowa. Kuna waipa zinafufuka hapo hapo na mwenye gari anaondoka na hela yake ya mota mfukoni. Isipofufuka, sili za ndani zimekwisha, na kuzipata sili za kifaa cha umri huo hapa Tanzania ni kusumbuana bure, hapo na mimi nasema funga umeme.

Haya, umeme. Kitu cha kwanza ni volti, na usihesabu betri. Sisi tumezoea betri mbili ni volti 24, ndo ilivyo kwenye mabasi mengi yanayotembea hapa, lakini mengi ya Kimarekani ni volti 12 na betri mbili zimeungwa sambamba ili kuongeza nguvu ya kuwashia, ukiziona utaapa ni 24. Weka mita kwenye betri injini ikiwa inaunguruma, utakuta kama 14 au kama 28, hapo umepata jibu lisilo na ubishi.

Cha pili ni aina ya mota, na hapa ndo kazi nyingi zinaharibika. Ile mota ya upepo shafti yake inakwenda na kurudi yenyewe, mkono wa waipa umekaa moja kwa moja juu yake. Mota ya kawaida ya umeme inazunguka mduara mzima, sasa ukiipachika mahali pa ile ya upepo mkono wa waipa utazunguka kama feni. Lazima iwepo kranki fupi kwenye mota, fimbo ya linki, na kikono kwenye shafti ya waipa, hivyo vitatu ndo vinageuza mzunguko kuwa nenda rudi. Kwahiyo ukienda kwenye spea za mtumba usinunue mota peke yake, nunua na linki zake na shafti zake zikiwa zimekamilika, zilizokatwa kwenye gari moja. Njia nyingine, na kwa basi lako naipenda zaidi, kuna mota za umeme ambazo gia ya kugeuza iko humo humo ndani na shafti inatoka tayari inakwenda na kurudi, zinatumika kwenye maboti na kwenye makatapila na ekskaveta. Hizo zinaweza kukaa kwenye tundu lilelile la zamani, utapanua kidogo au utaweka washa, kile kipete bapa cha bolti, na nyingi unaweza kuchagua upana wa kufagia. Cheki tu urefu wa shafti, ukuta wa mbele wa basi ni mnene kuliko wa katapila, na cheki meno ya shafti yaendane na mkono utakaotumia.

Kabla hujang'oa chochote chukua kipande cha sabuni uchore kwenye kioo pale waipa ya zamani inapoanzia na inapoishia, upande wa dereva na upande wa pili. Wengi wanatoa vitu kwanza alafu wanaanza kukisia. Kama unatengeneza linki mwenyewe, upana wa kufagia unatokana na urefu wa kranki ukilinganisha na kikono cha shafti. Kranki ya milimita 50 na kikono cha milimita 65 inakupa karibu digrii 100, ukipunguza kranki iwe 40 unapata kama 76. Kranki isiwe ndefu kuliko kikono hata siku moja, itafika mahali inajifunga na mota inaungua ikiwa imekaa.

Mota moja au mbili? Kioo chako kama kina nguzo katikati, vipande viwili bapa, funga mbili, kila upande na yake. Linki ndefu inayovuka basi zima inapinda, inalegea, inapiga kelele, na ikichomoka umepoteza waipa zote mbili kwa mpigo. Kioo kikiwa kizima na waipa zinapishana katikati, hapo mota moja na linki, la sivyo zitagongana.

Waya sasa. Toa umeme unaokuja na swichi ya gari, pitisha kwenye fyuzi yake peke yake, usidandie kwenye fyuzi ya taa wala ya honi. Fyuzi fuata kibao cha mota, kwa volti 24 nyingi zinakaa kwenye ampea 10 mpaka 15, volti 12 zinakula zaidi kwa kazi ileile. Waya wa milimita mbili na nusu mraba kwa mota moja unatosha kwa umbali wa dashibodi. Na ethi, ethi, ethi, ule waya hasi unaokwenda kwenye bodi ya gari. Basi la umri huo uso wa mbele ni bati juu ya bati, rangi juu ya rangi, kutu katikati, ukifunga ethi kwenye bolti ya karibu mota itaenda kwa unyonge na utaanza kuilaumu. Vuta waya wa ethi mpaka kwenye chasisi, kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Kila waya unapopita kwenye bati weka raba, bati la basi linakata waya taratibu mpaka siku linaleta shoti.

Swichi inunue ya waipa, hasa yenye kituo cha kuzima, pole pole na haraka. Swichi ya taa haifai, sababu nimeieleza kwenye swali la dada wa Kondoa hapo chini.

Sasa ule mpira. Kukunja na kufunga na waya, hapana. Humo ndani kuna upepo wa psi 120, mpira wenyewe mzee, basi linatikisika, siku mkunjo ukipasuka inategemea bahati yako. Kama ile paipu ya waipa imepitia kwenye vali ya ulinzi utapoteza upepo wa vitu vya ziada tu na breki zitabaki, lakini kwenye gari lililopita mikononi kwa mafundi wengi huwezi jua nani alihamishia wapi, na kama imechomekwa moja kwa moja kwenye tenki la breki basi upepo wote unatoka na breki za springi, zile ambazo upepo ndo unaziachia, zinajifunga zenyewe gari likiwa mwendo. Toa upepo wote kwenye matenki kwanza mpaka geji isome sifuri. Kisha ifuate paipu kwa mkono kuanzia kitasa mpaka inapochipukia, angalia njiani isije ikawa inalisha na mlango au honi, alafu itoe yote na uzibe pale pale kwenye tenki au kwenye T kwa plagi ya shaba yenye uzi unaolingana. Tepu ya uzi ianzie uzi wa pili, kile kipande kinachoning'inia mbele kikikatika kinaenda kulala kwenye vali ya breki. Jaza upepo, rudia kile kipimo cha dakika moja. Kama geji inashuka kuliko ilivyokuwa mwanzo hujamaliza kazi.

Kuna kitu kingine watu wanasahau, maji ya kunyunyiza kioo. Kwenye baadhi ya mabasi ya zamani hayo maji nayo yanasukumwa na upepo kwenye kopo lake. Ukiziba upepo yamekufa. Weka kopo lenye pampu ndogo ya umeme ya volti zako, ni kitu cha kawaida dukani, na kwa vumbi la barabara ya Kondoa au ya Mtera utaitumia kuliko hata mvua.

Kazi ya siku moja? Mota na waya, labda. Ukiongeza kupima upepo na kuziba vizuri mpe mbili, na simama hapo uone plagi ikiingia.

SWALI
Habari fundi. Nina shule ndogo ya chekechea na basi letu tulifungiwa waipa za umeme kipindi cha likizo, volti 24. Zinafanya kazi vizuri ila ukizima zinasimama popote, mara katikati ya kioo mbele ya macho ya dereva. Dereva amejifunza kuvizia, anazima zikiwa zinakaribia chini. Nimemuuliza fundi aliyefunga kaniambia ndo zilivyo hizo, alafu akaongezea mama haya mambo ya magari tuachie sisi. Ni kweli ndo zilivyo?
Mama wa shule, Kondoa

JIBU
Si kweli dada, na mwambie hiyo waipa anayotaka uwaachie wao ilibuniwa na mwanamke. Mary Anderson wa Alabama, Marekani, alipewa hataza yake mwaka 1903, ilikuwa mkono wenye raba nje na kishikio ndani dereva anavuta. Umeme umekuja baadaye.

Tatizo lako ni waya mmoja. Mota ya waipa yenye akili zake ina waya tano hivi: ethi, mwendo wa pole pole, mwendo wa haraka, umeme wa moja kwa moja, na waya wa kurudishia. Ndani kuna sahani inayozunguka na gia, imekatwa sehemu moja. Dereva akizima, swichi inatakiwa iunganishe waya wa pole pole na ule wa kurudishia, hivyo mota inaendelea kula umeme kupitia ile sahani mpaka waipa ifike chini, hapo sehemu iliyokatwa inakata umeme, na kwenye mota nyingi papo hapo inaupeleka ule waya kwenye ethi ili mota ijifunge breki isipitilize. Fundi wako nadhani kafunga swichi ya washa zima, akaunga waya wa pole pole na ethi, tatu zilizobaki kazikata kazifunga tepu. Muombe akuonyeshe nyuma ya swichi. Ukiona mota ina waya tano na swichi ina mbili jibu umelipata.

Dawa ni swichi ya waipa ya kweli na hizo waya zirudishwe. Zikisharudi, waipa ziwashwe na kuzimwa mikono ikiwa imetolewa, mota ijisimamie yenyewe, ndo mikono irudishwe ikiwa imelala chini ya kioo. Wakirudisha mikono kwanza zitakuwa zinajipaki juu, watakuambia tena ndo zilivyo.

SWALI
Oya fundi, mi konda. Gari letu volti 24, mota ya waipa imeungua, nimepata ya gari dogo volti 12 kwa bei chee. Suka anasema tuchukue umeme betri moja tu, betri zenyewe si ziko mbili bwana. Inakuaje?
Konda, Manyoni

JIBU
Inatembea, ndo ubaya wake. Inatembea na betri inakufa taratibu. Olteneta inachaji betri zote mbili kwa pamoja kama kitu kimoja, haijui kwamba moja unainyonya pembeni, kwahiyo ile unayoinyonya haijai kamwe na mwenzake anajazwa kupita kiasi mpaka anachemka maji. Baada ya muda unanunua mbili. Kama hiyo mota lazima itumike weka konvata ya 24 kwenda 12 yenye ampea za kutosha mota ikiwa inavuta kwa nguvu, lakini ukijumlisha bei ya konvata unakuta mota ya 24 ilikuwa rahisi. Tena mota ya gari dogo imezoea raba fupi, hiyo ya kwenu ni ndefu na inabeba maji mengi, itachoka. Kinyume chake, mota ya 24 kwenye 12, haiungui ila inatembea kama inaenda kumposa mtu.

SWALI
Fundi, basi langu lina mota mbili za waipa, kila upande na yake. Zinaanza pamoja baada ya muda moja inaiacha nyingine. Abiria wananicheka. Kuna ubovu?
Mpwapwa

JIBU
Hakuna ubovu. Mota mbili zisizofungwa kwa linki hazina sababu ya kwenda sawa, moja ina bushi kavu zaidi, moja raba yake inakamata zaidi. Hata za upepo zilikuwa hivyo hivyo. Kama hazigongani na kila moja inafuta upande wake, waache wacheke. Ila ile inayochelewa ikiwa inazidi kuchelewa wiki hadi wiki, pima volti pale kwenye mota ikiwa inatembea, kama inapata volti pungufu kuliko mwenzake kwa kiasi kinachoonekana nenda kwenye ethi yake.

SWALI
Shikamoo mzee. Nimefunga waipa mpya za umeme, raba mpya, lakini zinaruka ruka na kulia kwenye kioo, dugudugu dugudugu, zaidi zikirudi. Wenzangu wananiambia nifute kioo na dizeli. Nifanye?
Dereva, Kibaigwa

JIBU
Marahaba. Dizeli hapana, inaacha utando kwenye kioo, usiku taa za lori zinazokuja zinakuwa ukungu mtupu, na raba inavimba. Osha kioo kwa maji na sabuni ya vyombo, suuza mpaka mkono ukipita kioo kinalia, futa na raba kwa kitambaa chenye maji mpaka weusi uishe kutoka.

Kama bado zinaruka zikirudi tu, mkono umepinda. Raba inatakiwa isimame wima kwenye kioo, ikienda inalala upande huu, ikirudi inalala upande ule. Mkono ukiwa umepindika kidogo raba inabaki imelalia upande mmoja, kwenda inateleza, kurudi inasukumwa kwa ncha ndo inaruka. Simamisha waipa katikati ya kioo, nyanyua, angalia raba kwa ubavu, shika ncha ya mkono kwa spana ya kubana ukiwa umeizungushia kitambaa, uikunje kidogo sana kuelekea upande unaohitajika. Lowesha kioo, jaribu. Kelele zikihamia kwenye kwenda ujue umezidisha, rudisha nusu.